Gardemaladi wa Konsolata

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi, miguu ikiwa na malengelenge kwa sababu ya viatu nilivyoazimwa na dada yangu. Ilikuwa hospitali moja ya ufuoni mwa ziwa, hapa Uvira, Wabelgiji walipokuwa wanakaribia kuondoka. Nilikuwa na cheti cha masista. Nilijua kuchemsha sindano, kupima homa na kufunga bandeji, na nilijiona mtu mkubwa sana. Enfirmiye Mkuu, aliyekuwa mkuu wa wauguzi wote weusi, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye vile viatu, kisha akanipeleka moja kwa moja wodi ya wanawake.

"Mademozeli, muangalie huyu mugonjwa. Unaona nini?"

Nikamwambia naona macho ya manjano, midomo mikavu, na pumzi za haraka.

"Ni vizuri. Sasa angalia nyuma yake. Iko nani?"

Nyuma yake alisimama mwanamke wa makamo aliyeshika sufuria. Sikuwa nimemwona kabisa.

"Ule ni gardemaladi," akasema. "Kama ule haiko, weye na minye tunafanya kazi ya bure."

Ninyi vijana mnaosoma uuguzi leo mnalijua neno hilo, lakini sidhani kama mnajua lilivyokuwa na uzito wakati ule. Gardemaladi ni mtu wa ukoo anayekuja na mgonjwa na kukaa naye mpaka siku ya kutoka. Hospitali ilitoa kitanda na dawa. Gardemaladi alileta mkeka, sufuria, mbabula yake ya kupikia kwa makaa, unga wa bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Yeye ndiye aliyelisha, aliyeosha, aliyemgeuza mgonjwa ubavu, na aliyekuja mbio kutuita seramu ya mshipani ilipokaribia kuisha kwenye chupa. Nyuma ya wodi kulikuwa na uwanja wao, na asubuhi ile niliuona moshi na vyungu nikadhani ni soko. Nilishangaa kuona Enfirmiye Mkuu, mtu mkali aliyeogopwa hata na madereva, akipita pale kila siku kabla ya kuingia wodini, akiinamia kila sufuria na kuuliza, "Jana alikula? Alilala?" Alipotoka hapo alikuwa anajua mambo ambayo hayakuandikwa kwenye faili yoyote.

Kwa wagonjwa wa kichwa sheria ilikuwa ngumu zaidi. Ndivyo tulivyowaita wale ambao fikra zao zimevurugika. Walikuwa na vyumba viwili mwishoni mwa hospitali, na bila gardemaladi hawakupokelewa. Zamani, kabla sijaja, mmoja wao asiye na mtu alitoka akaingia ziwani, na hakuna aliyejua mpaka siku ya pili. Tangu hapo Enfirmiye Mkuu aliapa hatampokea mwingine wa namna hiyo, na sikumlaumu.

Uhuru ulipokuja tuliimba mpaka sauti zikakauka. Wiki chache baadaye daktari Mzungu akafunga masanduku yake, akaondoka. Ngiri za watu, zilizongoja kupasuliwa, hazikuondoka naye. Enfirmiye Mkuu akafungua kitabu cha upasuaji cha Kifaransa, akanipa nikishike wazi mbele ya uso wake, na kazi yangu ikawa kufunua kurasa akitoa amri kwa kidevu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mvuvi, na alitoka hospitali akitembea kwa miguu yake. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuogopa kama Enfirmiye Mkuu alivyoogopa, jasho likimtiririka, na mikono yake ikabaki imetulia.

Mwaka uliofuata nikapewa barua ya kwenda bondeni. Shule moja ya masista kati ya Luvungi na Kiringye, iliyofundisha wasichana kazi ya ualimu, ilihitaji muuguzi wa bweni. Sista Mkuu alinikabidhi chumba kimoja, kabati moja la dawa na kitanda cha chuma. "Hapa," akaniambia, "wasichana wanaugua malaria na uvivu. Utajifunza kutofautisha." Nilicheka kwa adabu. Baadaye nilijua kwamba hakuwa anatania.

Wakati ule watu wengi waliokimbia Rwanda walikuwa wamepewa makambi bondeni na milimani, na masista walipokea wasichana watano wa wakimbizi shuleni. Mmoja aliitwa Konsolata, wa miaka kama kumi na saba. Alipiga hesabu kichwani haraka kuliko mwalimu ubaoni, na alikuwa na tabia ya kusubiri mwalimu amalize kwanza ndipo ainue mkono, ili asimwaibishe. Nilimpenda kwa hilo.

Katika muhula wake wa tatu aliacha kulala. Halafu akaacha kula. Halafu akaanza jambo ambalo lilitutisha: kila siku alasiri, baada ya masomo, alifunga nguo zake zote katika kitambaa, akavaa viatu, akaenda kukaa langoni akitazama barabara. Ukimgusa, hakukataa kurudi. Kesho yake alifunga tena. Mwisho akaacha kusema.

Hapa nitaungama kosa langu, maana mnapaswa kulijua. Nilimtibu malaria. Bondeni kila joto la kichwa lilikuwa malaria, kila kizunguzungu malaria, na aliyekuwa na wasiwasi tulimpa dawa ya kinini kwanza na kuuliza maswali baadaye. Nilituma tone la damu yake hospitali kwa lori la pamba, jibu likarudi kwamba ni safi. Nikatuma jingine, nalo likarudi safi. Bado nikamchoma sindano za kinini siku tatu, nikapumzika, nikarudia. Sasa kinini hupigisha masikio kelele, na msichana ambaye tayari alikuwa anashtuka kila mlango ukifungwa nikamwongezea mlio usiokoma ndani ya kichwa. Alinitazama siku ya sita akiziba masikio kwa viganja, na ndipo nilipoelewa. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nageuza uso, hata nikiwa peke yangu.

Wenzake wa Rwanda ndio walionieleza habari ya kile kifurushi. Siku waliyokimbia, mama yake alimkalisha kando ya barabara na nguo zao akamwambia, "Kaa hapa, narudi kumchukua mdogo wako." Hakurudi yeye wala mdogo. Shangazi aliyepita ndiye aliyemwinua na kumvusha mpakani, kisha naye akaendelea hadi Burundi kutafuta kazi.

Wazazi wa wasichana wengine wakaanza kuja. Walisema ana mashetani, na kwamba watawaondoa watoto wao. Sista Mkuu akaniita. "Nina wiki moja," akasema. "Apate hospitali, au nimrudishe kambini. Sina njia nyingine." Kambini nilikuwa nimefika. Nilikuwa nimemwona kijana aliyerukwa na akili amefungwa kamba kwenye nguzo ya hema, si kwa ukatili, bali kwa sababu ndugu zake walihitaji kwenda kuchota maji. Nilijua Konsolata akirudi kule hatatoka mzima.

Tulipanda lori la pamba mpaka Uvira. Enfirmiye Mkuu alitupokea mlangoni, akampima, akamwangalia machoni kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao. Halafu akainua kichwa na kutazama nyuma yangu.

"Gardemaladi iko wapi?"

"Hana, Bwana Enfirmiye. Ni mukimbizi. Hana muntu huku."

"Basi siwezi."

"Minye nitabaki naye."

"Weye uko muntu wa serikali. Uko na wasichana wengine kule. Wakipata homa leo, nani atawaona?" Akashusha sauti. "Mademozeli, minye si jiwe. Lakini nani atamulisha? Nani atamushika akienda kwenye maji? Leta muntu mumoja tu, namupokea sasa hivi."

Nikaanza kulia palepale, na sare yangu nyeupe, mbele ya watu. Akaniambia niende nje nikalie huko, kwa sababu wagonjwa wakimwona muuguzi analia wanadhani wanakufa wote.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, aliketi mwanamke wa Kiringye na mume wake. Mzee alikuwa amepasuliwa ngiri, amepona, na walikuwa wanasubiri lori hilohilo tulilokuja nalo liwarudishe nyumbani. Mkeka wao ulikuwa umeshakunjwa na kufungwa kamba, sufuria juu yake. Mwanamke aliitwa Mama Vumilia. Aliuliza kuna nini, nami kwa uchungu nikamwaga yote. Alimtazama Konsolata, aliyesimama na kifurushi chake kifuani. Kisha akaanza kufungua kamba ya mkeka.

"Unafanya nini?" akauliza mume wake.

"Nabaki."

"Na huyu wa wakimbizi? Batu watasema nini kule?"

"Watasema. Weye nenda, batoto wako na njaa. Waambie nakawia."

Mzee alinung'unika, akauma midomo, akapanda lori peke yake. Lakini kabla halijaondoka alishusha mfuko wao wa makaa uliobaki, akauweka chini.

Mama Vumilia akaingia ndani akasimama nyuma ya Konsolata, mahali panapotakiwa. "Andika minye," akamwambia Enfirmiye Mkuu.

"Weye iko nani kwake?"

"Andika mama."

"Unajua lugha yake?"

"Kwani mugonjwa anaongea?"

Enfirmiye Mkuu alishika kalamu muda mrefu kidogo. Halafu akaandika kwenye karatasi ya hospitali, ile anayobaki nayo gardemaladi: jina la mgonjwa, na mbele ya neno mama, Vumilia wa Kiringye. Mtu yule hakuwa amewahi kuandika uongo kwenye karatasi, na mkono wake, ule ambao haukutetemeka kwenye upasuaji, niliuona unasita.

Baada ya uhuru tulikuwa tumeletewa daktari mgeni kutoka mbali. Yeye ndiye aliyempa Konsolata dawa ya kutuliza, vidonge vidogo vya asubuhi na jioni. Mimi nilipata ruhusa ya kuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilikuta jambo la kunishangaza. Mama Vumilia hakumzuia Konsolata kufunga kifurushi. Alasiri ikifika, naye alifunga cha kwake, akakaa karibu naye langoni mwa hospitali, wakatazama barabara pamoja. Jua likipungua alisema kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, ambayo Mnyarwanda huokota maneno mawili matatu ndani yake, "Leo hawakuja. Twende tukapike." Wakarudi. Kila siku, bila kuchoka, bila kumdanganya kwamba watakuja kesho. Usiku alilala amejinyoosha mlangoni, ili asiyeweza kulala asiweze kutoka bila kumruka. Sisi tulikuwa tumesoma, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kumsindikiza mgonjwa mahali anapoogopa.

Wiki ya tano nilimkuta Konsolata anatwanga sombe, majani ya mihogo. Mama Vumilia akanikonyeza. Konsolata akaonja, akakunja uso, akasema, "Chumvi." Nilikwenda nyuma ya wodi nikapiga magoti kwenye majivu ya mbabula. Daktari aliponiuliza amepata nafuu ya namna gani, nilimwambia amedai chumvi, na yule bwana akavua miwani akaifuta. "Huyo anayempikia," akasema, "msimbadilishe."

Kisha uasi ukafika Uvira. Sitaueleza sana, wengine wameueleza. Waasi waliingia mji wakiamini maji ya dawa yanawakinga na risasi, askari wakakimbia, wauguzi wakakimbia, wagonjwa wenye miguu wakakimbia. Mimi nilikuwa shuleni na Sista Mkuu, tumefunga madirisha, na barabara ilikuwa imekatika pande zote, hata ya Kiringye. Kilichoniogopesha kuliko risasi ni maneno ya barabarani. Upande mmoja ulisema wakimbizi ni watu wa adui, na upande wa pili ukasema vivyo hivyo. Kwenye vizuizi walikuwa wanaulizwa, "Weye mama yako nani? Wa wapi?" Niliwaza msichana asiyejibu akiulizwa swali hilo.

Miezi ilipita. Njia ilipofunguka kidogo nilitembea kwa miguu mpaka hospitali. Mlango wa vyumba vya mwisho ulikuwa umeng'olewa, vitanda havikuwapo. Sikumkuta Enfirmiye Mkuu, na hakuna aliyeweza kunieleza yaliyompata. Nilisikia alikataa kuwaacha waliopasuliwa. Mungu amrehemu. Nikageuza, nikatembea siku mbili hadi Kiringye, nikijiambia kwamba nakwenda kumpa pole Mama Vumilia kama yuko hai, na nisitarajie zaidi.

Konsolata alikuwa shambani anapalilia mihogo. Aliniona kwanza, akaniita kwa Kifuliiru.

Walikuwa wametoka Uvira pamoja, kwa miguu, na kizuizini kijana mwenye bunduki alimuuliza Konsolata mama yake nani. Konsolata akanyamaza. Ndipo Mama Vumilia, ambaye hakujua kusoma, akatoa ile karatasi ya hospitali nguoni. Kijana alijua kusoma kidogo. Akasoma, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Na mbona hasemi?" akauliza.

"Ni mugonjwa wa kichwa," Mama Vumilia akajibu. "Na weye ukimutisha, atakuwa mugonjwa zaidi, na minye ndiye nitaangaika, siyo weye."

Akawaacha wapite. Nilisikiliza habari hiyo nikiwa nimekaa chini, na nilifikiria ule mkono wa Enfirmiye Mkuu uliosita kabla ya kuandika.

Wakati utulivu uliporudi, shangazi yake wa Burundi alikuja kumtafuta. Alikuwa mwanamke mwema, ana kazi ya kushona, ana chumba. Konsolata alitaka kwenda kumaliza ualimu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo katika kazi yangu yote sijaona mfano wake. Kwetu serikalini, mtu hatoki kazini bila remise-reprise, yaani kukabidhi: anayeondoka anamwonyesha anayeingia kila kitu, kimoja kimoja. Nimehudhuria nyingi, za wakuu wenye mihuri. Mama Vumilia alimweka shangazi nyumbani kwake siku tatu, akamkabidhi. Anavyoanza kuugua: kwanza anapiga pasi nguo ambazo hazijachafuka. Halafu anakula upande mmoja wa sahani. Usimwambie watarudi. Usimwambie wamekufa. Akifunga kifurushi, nawe funga chako. Vidonge vikiisha usingoje. Shangazi alirudia kila neno, na alipokosea alirudishwa mwanzo.

Asubuhi ya kuondoka, lori likiwa linanguruma, shangazi alimshika Mama Vumilia mikono. "Mama, nikulipe nini?"

"Hapana kunilipa. Lakini utachoka." Shangazi akataka kukana, Mama Vumilia akamkatiza. "Utachoka. Minye nilichoka. Siku ingine nilimuchukia. Ukichoka, usimufungie mu nyumba. Usione haya. Unirudishie."

Nilikuwa nimesimama pale na stetoskopu yangu shingoni. Nilikuwa nimewatoa wagonjwa hospitali mara nyingi sana, nikihesabu vidonge na kuandika siku za kurudi, na hakuna ndugu hata mmoja niliyemwambia kwamba atachoka.

Baada ya hapo, kila shule niliyopelekwa, na zilikuwa nyingi, nilikuwa na desturi moja iliyowakasirisha baadhi ya wakuu wangu. Mwanafunzi mgeni akifika, awe wa Burundi, wa Rwanda au wa milimani, kabla sijampima uzito nilikwenda vijijini kumtafutia gardemaladi. Mtu wa kuandikwa kwenye karatasi yake, kabla hajaugua. Mkurugenzi mmoja aliniambia naitia shule mkosi. Nikamwambia aniandikie hayo kwa barua, na hakuandika.

Shangazi alichoka mwaka wa pili. Alishuka kwenye lori Kiringye mchana kweupe, amemshika Konsolata mkono, mbele ya soko zima. Mama Vumilia alitandika mkeka, na ilichukua miezi mitatu. Konsolata akapata nafuu, akarudi masomoni. Alifundisha hesabu miaka mingi, na aliugua tena mara mbili ninazozijua. Sitawadanganya kwamba ugonjwa ule uliondoka. Ulikuja, ukamkuta na watu.

Sasa nimestaafu, naishi Mulongwe, hapahapa Uvira, karibu na mto. Watu bado wanakuja nyumbani. Wanapiga hodi wakiwa wameshusha sauti, wananiambia kuna mtoto ndani hasemi, au anasema peke yake, na wanataka niwape jina la dawa. Dawa nitawaambia, na daktari nitawaelekeza. Lakini kwanza nawavutia kiti, nawauliza nani anakaa naye, na huyo anayekaa naye amechoka kiasi gani. Wengi wanalia kabla ya kujibu, nami nawaacha walie ndani ya nyumba yangu.